Kutoka Lisbon Hadi Las Palmas: Safari ya Mama Yetu Baharini



Tangu turudi, wengi wenu mmetuuliza ilikuwaje watu wa Mji wa Kale kwenda kupanda meli ya utalii huko Ulaya, tena tukiwa na bibi mwenye umri wa miaka 75. Wengine mmeuliza kwa hamu, wengine kwa kuguna. Tumeona ni heri tuwajibu nyote kwa pamoja humu kuliko kwenda mlango kwa mlango.

Marehemu baba yetu alikuwa baharia. Alianzia kazi Kilindini akiwa kijana. Mwaka 1967 vita vilifunga Mfereji wa Suez, na meli za kutoka kwetu kwenda Ulaya zikawa hazipiti tena Bahari ya Shamu. Zilishuka kusini, zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kisha zikapanda na bahari ya Atlantiki. Bandari iliyozijaza mafuta, maji na chakula kabla ya kumaliza mwendo ilikuwa Las Palmas, katika visiwa vya Kanari vilivyo chini ya Uhispania. Hali iliendelea hivyo hadi 1975 mfereji ulipofunguliwa. Kutoka Las Palmas, mwaka 1970, Baba alimpelekea Mama postikadi yenye picha ya bandari. Nyuma yake aliandika mistari minne ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwani Mama hakusomeshwa herufi za Kizungu. Kadi hiyo imekaa katika kasha lake, chini ya nguo, miaka yote hii. Barua nyingine za Baba tulizichezea utotoni hata zikachanika. Kadi hiyo hatukuruhusiwa kuigusa, na sababu hatukuijua.

Baba alipofariki, Mama alikaa eda yake ikatimia, kisha akatuita. Alisema angependa kupaona pale. Tulipomwambia kwamba kuna ndege, alitutazama kama watoto. Pale ni bandarini, akasema, na bandarini mtu huingia kwa maji.

Kaka yetu mkubwa alipinga, na hatuwezi kusema hakuwa na hoja. Meli hizo zina vileo kila pembe, zina ukumbi wa kamari, na muziki haunyamazi. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza. "Baba yenu amekaa kwenye meli za watu wa namna hiyo miaka ishirini," akasema, "na sala haikumpita. Mimi siku nane zitanishinda?" Kaka hakujibu, ila wiki ileile alileta mchango wake, na mwisho akasafiri nasi. Tulikuwa watano: Mama, kaka, sisi dada wawili, na binti wa mmoja wetu mwenye miaka kumi na mmoja. Tuliweka akiba miaka mitatu. Viza ilitusumbua, na ofisi moja ilidiriki kumtaka Mama, mjane, alete barua ya idhini ya mumewe. Kwa atakayetaka kufuata nyayo zetu: viza moja ya nchi za Ulaya zilizofungua mipaka baina yao ilitutosha Ureno na Uhispania pamoja na visiwa vyao.

Meli ilikuwa ing'oe nanga Lisbon, nasi tulifika siku tatu kabla ili Mama apumzike. Hatukutegemea kuupenda mji ule. Mtoto wa Mombasa hulifahamu jina la Ureno kwa kuta za Ngome ya Yesu, zilizoanza kujengwa 1593, na kwa simulizi za mji kuchomwa moto 1505. Lakini ukiteremka kwa miguu katika mtaa wa Alfama, chini ya kilima cha ngome, unajihisi uko Kibokoni au Lamu: vichochoro visivyopita gari, ngazi zinazopinda ghafla, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, na wazee wa kike madirishani wakiulizana habari. Si ajabu, kwani mji huo uliwahi kuwa wa Waislamu kwa zaidi ya karne nne. Waliuita al-Ushbuna, na jina la Alfama lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la maji moto. Mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques aliuteka akisaidiwa na askari wa msalaba waliokuwa njiani kuelekea Mashariki, na Waislamu waliobaki wakawekwa nje ya ukuta, katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Mouraria. Tetemeko kubwa la Novemba 1, 1755 liliubomoa mji karibu wote, lakini sehemu kubwa ya Alfama ilisimama.

Dukani, mjukuu alimwonyesha Mama kibao juu ya vitambaa vya kichwa kilichoandikwa "lenços". Muuzaji alipolitamka neno, Mama aliruka. "Leso!" Akaanza kumfanyia yule mama wa Kireno mtihani: meza, bendera, kasha, nanasi. Kila neno muuzaji akilirudisha kwa lafudhi yake, na wawili hao wakacheka mpaka machozi bila kuwa na lugha moja. Wanawake wa pwani tunajifunga leso kila siku, na mara chache tunakumbuka kwamba jina lake lilivuka bahari pamoja na mizinga.

Siku ya pili tulikwenda Belém, kwenye jumba kubwa la watawa liitwalo Jerónimos, lenye nguzo za mawe zilizochongwa kama kamba za meli na mimea ya baharini. Ndani mlangoni pana kaburi la Vasco da Gama. Aliondoka mto huu wa Tejo Julai 1497, akafika Mombasa Aprili 1498, ambako watu wetu hawakumwamini na usiku wakaogelea kwenda kukata kamba za nanga zake, kisha akapata rubani Malindi wa kumvusha hadi India. Watalii walikuwa wakipiga picha. Kaka alisimama mbali, mikono nyuma. Mama alilizunguka kaburi polepole kwa mkongojo wake, akasema, "Kumbe naye alikuwa mtu wa kulala chali kama sisi." Tukatoka nje kutafuta maji.

Ijumaa tuliswali katika Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985. Waumini wengi huko wana asili ya Msumbiji na Guinea-Bissau, walikotawala Wareno. Upande wa wanawake bibi mmoja alimsikia Mama akituelekeza pa kuweka viatu, akageuka na kujibu kwa maneno yaliyofanana na yetu lakini yamepinda kidogo, kama mtu anayeimba wimbo unaoujua kwa sauti nyingine. Alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, na lugha yake ilikuwa Kimwani. Walikaa baada ya sala saa nzima wakishikana mikono. Tulimwambia Mama teksi inangoja, akasema naingoje.

Meli iliondoka saa kumi na moja jioni kutoka gati lililo chini kabisa ya Alfama. Ilishuka na mto, ikapita chini ya daraja jekundu la Aprili 25, karibu sana na vyuma hivi kwamba abiria walioko juu waliinama bila kutaka. Mnara wa Belém ukabaki nyuma, na bahari ikatupokea vibaya. Atlantiki si bahari yetu yenye mwamba wa kuvunja mawimbi. Inanyanyuka kwa mapana, taratibu, na kigegezi kilitushika wote isipokuwa Mama, aliyekaa kitandani akivuta tasbihi na kula ndimu.

Kuhusu sala, ambayo ndiyo wengi mmeiuliza. Nyumbani Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja, kwani Makka iko karibu juu ya mstari uleule wetu. Kutoka Lisbon na visiwa vile, kibla ni mashariki. Tatizo ni kwamba meli hugeuka. Mjukuu ndiye aliyegundua kuwa runinga ya chumbani ina ramani inayoonyesha pua ya meli imeelekea wapi, na tangu hapo akawa ndiye rubani wetu: akitazama ramani, akiweka mswala, akisema, "Leo tuswali kuelekea choo, lakini mswala nimeusogeza mbali." Tulipunguza na kukusanya sala kama wasafiri. Kaka aliswalisha katika nafasi isiyozidi kitanda kimoja.

Chakula nacho kilihitaji tahadhari. Nyama hatukugusa. Samaki, mayai, mboga na matunda vilikuwa tele, lakini mvinyo hujificha ndani ya mchuzi na jeli ya nguruwe ndani ya vitamutamu. Mwokozi wetu alikuwa mhudumu kijana kutoka Indonesia, Mwislamu, aliyetutambua kwa buibui siku ya kwanza. Tangu hapo alipitia sahani zetu kabla hazijafika mezani. Alituambia wao wahudumu huswali kwa zamu katika vyumba vyao vya chini, na kwamba hajamwona mtoto wake kwa miezi saba. Mama alimwuliza jina la mtoto na akawa anamwombea kwa jina.

Bwawa la kuogelea halikuwa na saa za wanawake. Tuliomba, tukakataliwa kwa adabu, basi. Mjukuu alinuna siku moja.

Baada ya usiku na mchana na usiku tena tuliamka Funchal, katika kisiwa cha Madeira, kiasi cha kilomita 970 kutoka Lisbon. Hapa tunaomba mtuvumilie, kwani tulipapenda. Mji umepanda mlimani kama watu waliokaa kwenye ngazi za uwanja, nyumba nyeupe zenye vigae vyekundu, na kati ya nyumba na nyumba pamejaa migomba. Jina la mji linatokana na shamari, iliyokuwa imeota kote Wareno walipofika mnamo 1420, na Madeira yenyewe maana yake ni mbao, kwa misitu waliyoikuta. Hapakuwa na mtu aliyekaa humo. Waliokuja walipanda miwa, wakaleta watumwa kutoka Kanari na Afrika kuilima, na wengi wamesema mfano wa mashamba ya Brazil ulianzia katika visiwa kama hiki. Mvua hunyesha zaidi kaskazini, ilhali mashamba yako kusini, kwa hiyo walichimba mifereji myembamba kando ya majabali kuyavusha maji. Huiita levada, na leo mifereji hiyo inazidi kilomita 2,000. Tulitembea kwenye mmoja uliokuwa tambarare. Maji yanakwenda kwa kasi ya mtu anayetembea bila haraka, kwa hiyo unafuatana nayo kama mwenzio. Mama aliingiza mkono ndani yake njia nzima.

Sokoni, katika jengo la wakulima lililofunguliwa 1940, tuliona pasheni za rangi na ladha tusizozijua, na samaki mweusi mrefu mwenye macho makubwa na meno ya kutisha, anayevuliwa kwenye kina kirefu sana. Wenyeji humpika na ndizi. Tulimla hivyo, na msicheke, ni kitoweo.

Lakini kilichotushika zaidi ni tarizi. Wanawake wa Madeira hutarizi vitambaa vya kitani kwa mkono, kazi iliyoanza kuuzwa ng'ambo katikati ya karne ya 19. Muundo huchapwa kwanza juu ya kitambaa kwa wino wa buluu, mwanamke huchukua nyumbani, hushona wiki au miezi, hukirudisha, wino huoshwa na ushonaji ukabaki. Mmoja wetu hushona kofia za viua, na alipoishika kazi ile aligeuza upande wa nyuma kabla ya kutazama mbele, kama afanyavyo fundi yeyote. Mama wa pale dukani alimwona, akatabasamu, akaenda ndani kuleta kilicho bora zaidi. Tuliuliza bei. Ilikuwa kubwa, na tulipouliza mshonaji hupata kiasi gani, jibu lilikuwa lilelile tungelipata Lamu au Mombasa. Tulinunua kitambaa kimoja kidogo.

Tenerife tutaipita haraka. Mlima Teide, wenye zaidi ya mita 3,700, ndio mrefu kuliko yote Uhispania, na basi lilitupandisha mpaka jangwa la mawe meusi ambako volkano ilimwaga moto. Wenyeji wa asili, Waguanche, walikuwa jamaa wa Waberberi wa Afrika Kaskazini. Walishindwa vita 1496 na lugha yao ikafa. Mjukuu alituuliza lugha hufaje. Hatukumjibu vizuri.

Las Palmas tuliingia alfajiri. Mama alikuwa amevaa tangu saa tisa usiku, buibui jipya, leso mpya mabegani, na kadi ndani ya mfuko wa plastiki. Tulisimama naye sitahani. Bandari ya La Luz ilianza kujengwa 1883 na imekua mno tangu siku za Baba, hivi kwamba picha ya kadi na kilichokuwa mbele yetu havikulingana, isipokuwa mgongo wa vilima vya La Isleta nyuma ya makreni. Mama alivitazama vilima hivyo, akatazama kadi, akatikisa kichwa kukubali.

Kwenye gati la pili palikuwa na meli ndogo ya uokozi, rangi ya chungwa. Watu waliofunikwa mablanketi mekundu walikuwa wakiteremshwa mmoja mmoja, vijana weusi, na wanawake wawili. Ncha ya visiwa hivi iliyo karibu zaidi na Afrika iko takriban kilomita 100 tu kutoka pwani, lakini mashua nyingi hutoka mbali zaidi, Mauritania na Senegal. Mwaka 2024 pekee zaidi ya watu 46,000 walifika Kanari kwa njia hiyo, na hao ni waliofika. Abiria wa upande wetu walinyamaza, kisha wengine wakaenda kunywa chai. Mama aliuliza, "Mama zao wanajua kama wamefika?" Kaka akasema pengine bado. Mama akarudia neno lile, bado, kisha akaomba kiti.

Hapo ndipo alipotueleza. Aliolewa 1968. Mwaka 1970 alizaa mtoto wa kiume, Baba akiwa keshaondoka na meli. Mtoto hakufika arubaini. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Hapakuwa na njia ya kumpata baharia aliye katikati ya maji, na babu alisema habari kama ile haipelekwi kwa simu ya upepo, atangojwa. Wiki tatu baada ya maziko, postikadi ilifika. Mama alitusomea mistari minne, bila kuitazama. Tumefika Las Palmas salama. Bahari ilikuwa mbaya, sasa imetulia. Mtoto ashaanza kucheka? Nisalimie wote.

"Nilimlaumu kwa kutojua," akasema. "Nilijua namdhulumu, lakini moyo haukusikia. Hata aliporudi akalia, mimi nilikuwa bado na kadi hii. Nimetaka kuona aliposimama akiandika, ili nijue kama mahali penyewe palikuwa pa kumfanya mtu asihisi kitu." Alitazama bandari, yenye jua sasa, ndege wa baharini, na wanaume wakivuta kamba. "Ni mahali tu."

Kaka akamwuliza jina la mtoto. Mama akalitaja. Ni jina la kaka mwenyewe, aliyezaliwa miaka miwili baadaye, na ambaye kwa maisha yake yote alidhani amepewa jina la amu yake. Hakusema neno. Alipiga magoti kwenye sakafu ya sitaha, mbele ya wageni wote wale, akaweka kichwa kwenye mapaja ya Mama, mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Tulisoma Fatiha kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya Baba, na mjukuu akauliza kama anaweza kusoma na kwa wale wa meli ya chungwa. Tukasoma.

Adhuhuri tuliteremka. Tuliswali katika msala mdogo karibu na bandari, ambako wengi walikuwa Wasenegali na Wamauritania, kisha tukatembea ufukwe wa Las Canteras, mchanga mwepesi wa kilomita kama tatu, na Mama akalowesha miguu. Maji yalikuwa baridi. Kwenye kibanda cha magazeti aliomba postikadi. Alichagua yenye picha ya bandari, akakaa kwenye benchi na kalamu ya mjukuu, akaandika kwa herufi zilezile za Kiarabu, polepole, mistari mitano au sita. Anwani aliandikiwa na mjukuu: sanduku letu la posta, Mombasa. Alikataa tusiione. Mjukuu, anayejua kusoma Kurani lakini bado anajikwaa kwenye Kiswahili cha maandishi hayo, anasema aliona neno moja tu, nalo ni kucheka.

Tumekuwa nyumbani wiki sita sasa. Kila Alhamisi kaka hupita posta kutazama. Bado haijafika.